Kipande cha Sare

Zinga, 4 Agosti 2024

Shoga yangu Mwanahija,

Salamu zangu upokee, ingawa leo sina moyo wa salamu. Nakuandikia barua pepe kwa sababu kwenye WhatsApp unanijibu kwa kidole gumba kilichosimama, na hili halijibiwi kwa kidole.

Nimesoma tangazo lako. Nimelisoma kwenye ukurasa wa programu pamoja na watu wote, kama mpita njia. Kwamba Mkeka, programu yetu, sasa inakatwa vipande. Anayetaka Vyombo achukue Vyombo peke yake, anayetaka Waalikwa achukue Waalikwa, kila kipande kiingie kwenye kompyuta ya mtu bila kuburuta wenzake. Na kila kipande kimepata mlezi. Mimi umenipa Vyombo na Sare. Muhidini wa Mbegani amepata Waalikwa. Na Zamu umempa Genoveva.

Mwanahija, Zamu tuliiandika mimi na wewe kwenye baraza la mama yako, Bi Mina akikuna nazi na kutuuliza kama hiyo ni kazi au tunachezea umeme wake. Kina mama wa kikundi walikuwa hawaelewani kila shughuli. Nani alipika mara ya mwisho, nani hajarudisha sinia, sufuria kubwa imelala kwa nani. Tukasema tuwatengenezee programu, ugomvi uishe. Unaandika mstari, nafuta, unaandika tena, tunanuniana, tunakula kachori, tunaendelea. Leo kuna mtu Mapinga, ambaye mama yako hajawahi kumwona hata kivuli, ndiye mlezi wa Zamu.

Najua utaniambia programu ni huria, yeyote anaweza kuichukua, kuifungua na kuibadilisha. Hilo nilikubali mwenyewe wala sijutii. Programu ndiyo huria, shoga. Wewe si huria.

Naona wivu. Nimelisema mwenyewe ili usihangaike kulitafuta.

Batuli

*

Dodoma, 6 Agosti 2024

Batuli wangu,

Nimecheka, kisha nikaona hutanii, nikaacha.

Sikiliza basi. Mkeka ilifaa hivyo ilivyo ilipokuwa ya kikundi chetu. Sasa inatumiwa na misikiti, na parokia, na shule moja ya kule Kiwangwa inayoazimisha viti vyake. Yule mwalimu anataka kujua viti viko kwa nani, basi. Akisakinisha Mkeka inamletea waalikwa, vitenge na zamu za kupika pilau, na kompyuta yake kuukuu inaganda mpaka wanafunzi wanarudi makwao. Mtu anataka kipande kimoja, tumpe kimoja. Hakuna sababu nyingine iliyojificha nyuma ya hiyo.

Genoveva nimempa Zamu kwa sababu amekuwa akirekebisha mambo bila kuombwa. Anafundisha hesabu. Kwao Songea, baba yake Mzee Ferdinandi alinunua kiwanja Mapinga akahamia na familia nzima. Ni mtoto mwema. Ukimjua utampenda, halafu utanikasirikia kwamba nilikuchelewesha.

Na Sare nimekupa wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kuwaambia wanawake wa Zinga wavae nini wakamsikiliza. Ningempa Muhidini wangemvua yeye.

Mimi kazi huku imenikaba koo. Nikirudi nyumbani nalala na viatu. Usininunie, nitagombana na nani nikikukosa?

Mwanahija

*

Zinga, 11 Agosti 2024

Mwanahija,

Nimefanya ulivyotaka. Kazi yako nzuri, sikatai, nimevikata vipande vikakaa kila kimoja na jina lake.

Ila kuna jambo moja. Kipande cha Vyombo hakiingii bila Sare. Mtu akisakinisha Vyombo, kinaiita Sare kwanza, kisipoipata kinagoma. Waalikwa vile vile. Na Zamu vile vile. Usiniulize sababu. Tangu lini shughuli ikawa na sufuria ikakosa sare? Mwalimu wako wa Kiwangwa atavumilia, Sare si nzito.

Na haisubiri kuombwa. Mtu akiandika tukio na kuomba vyombo vya Zinga, Sare inawatumia meseji wanachama wetu wote hapo hapo. Mwenye tukio asipochagua kitenge, inachukua kile kilichovaliwa mara ya mwisho, ambacho kwa sasa ni kile cha chungwa chenye miavuli, cha harusi ya Zuhura. Meseji nimeitunga mwenyewe: "Asalaam aleikum wapenzi. Shughuli yetu ipo. Sare ni kitenge cha chungwa chenye miavuli. Asiyevaa tusijuane." Kina mama wameipenda sana.

Huyo Genoveva wako alee Zamu yake. Kila akifungua mlango atanikuta nimeketi kizingitini.

Batuli

*

Mapinga, 14 Agosti 2024

Dada Batuli, shikamoo.

Natumaini u mzima na wa nyumbani hawajambo. Mimi ni Genoveva, wa Zamu. Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana.

Nimesakinisha Vyombo kwa ajili ya jumuiya yetu ya kanisani, na Sare imekuja nayo. Nilidhani nimekosea mahali. Nikamuuliza Dada Mwanahija Jumapili, maana Jumapili huwa tunapigiana simu, akacheka akasema ukiona Sare ujue Batuli yupo, iache hapo. Nimeiacha.

Anakutaja kila mara, Dada. Nimejua mpaka kwamba unapenda kachori iliyolala kuliko ya moto. Nikaona kama nakufahamu siku nyingi.

Baba yangu anaumwa, si sana. Kila jioni ananiuliza, "Dada zako wa kompyuta hawajambo?" Akipata nafuu naomba nije Zinga nikuamkie ana kwa ana.

Mdogo wako,
Genoveva

*

Zinga, 14 Agosti 2024

Mwanahija,

Jumapili. Kumbe mna Jumapili yenu.

Mimi Jumapili nakupigia simu inaita mpaka inakata, nasema maskini shoga yangu amelala na viatu. Kumbe koo lililokabwa lina nafasi, ila si yangu. Mnaongea, mnacheka, mnasimuliana Batuli anakula nini. Hata kachori zangu umempa.

Roho inaniuma mpaka nasikia aibu. Mimi mtu mzima, nimeshindwa kula kwa ajili ya simu ya watu wengine.

Sitakusumbua tena. Uliyenaye anakutosha.

Batuli

*

Dodoma, 30 Agosti 2024

Batuli,

Simu zangu hupokei, basi soma.

Mzee Ferdinandi amefariki jana, Alhamisi. Hawamsafirishi Songea, aliacha neno kwamba azikwe kwenye kiwanja chake mwenyewe. Genoveva amenipigia analia, anasema Mapinga kila mtu yuko nyuma ya ukuta wake, majirani wanatoka alfajiri kwenda Dar na kurudi giza limeingia, hajui nani atakuja kumzika baba yake. Sufuria kubwa hawana, majamvi hawana. Akafungua Vyombo, akaandika msiba, akaomba vyombo vya Zinga.

Unajua kilichofuata. Kitenge hakuchagua, nani anachagua kitenge baba yake amelala ndani? Sare yako ikawatumia wanawake wote wa Zinga. Wapenzi, shughuli yetu ipo. Miavuli. Asiyevaa tusijuane. Kwa msiba, Batuli.

Mama yangu amenisomea kwenye simu, akaniuliza kama ndivyo Wakristo wa bara wanavyozikana. Nilishindwa kumjibu, nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Kuifunga Sare kwenye kila kipande haikuwa kazi. Ulikuwa wivu, na niliuona tangu siku ile nikakuacha, nikidhani utaisha wenyewe. Sasa umekwenda kutua juu ya jeneza la mtu. Mazishi ni kesho. Mimi siwezi kufika, wewe unaweza. Nenda ukamwombe radhi mtoto wa watu.

Mwanahija

*

Mapinga, 3 Septemba 2024

Dada Batuli, shikamoo.

Nilishindwa kukushukuru siku ile. Niliishia kulala begani kwako kama mtoto. Unisamehe.

Asubuhi ya mazishi tulikuwa mama, mimi, kaka yangu Clever, mjomba na watu wachache wa jumuiya. Padri alikuwa ameshafika. Mama alikuwa anatazama viti vitupu. Ndipo gari la vyombo likaingia, na nyuma yake wanawake wa Zinga wakitembea kutoka barabara kuu, wote kwa kitenge kimoja cha chungwa. Hakukuwa na hata mmoja aliyevaa tofauti. Mama aliinuka akauliza ni nini hiki. Mjomba akamwambia hii ni desturi ya watu wa pwani, wakishakuhesabu kuwa mtu wao wanakuvalia sare siku ya kukuzika.

Mama akalia. Alikuwa hajalia tangu Alhamisi, tukawa tumeanza kumwogopa. Majirani nao walipoiona ile rangi inapita wakafungua mageti, wakaja kuuliza, wakabaki. Baba amezikwa na umati.

Nilikuona wewe peke yako una baibui jeusi. Nikaelewa kwamba mwenye kuandaa havai, anasimamia wengine. Watu wema hawapendi kuonekana.

Majirani wa kike wanauliza kitenge kile kinauzwa duka gani, wakivae kwenye arobaini. Na mimi nina ombi: nimesikia mnafikiria kuitenga Sare na Vyombo. Kwa upande wetu, tafadhali iacheni.

Mdogo wako,
Genoveva

*

Zinga, 4 Septemba 2024

Mwanahija,

Nakutumia na barua ya Genoveva uisome kwanza, halafu urudi hapa, maana yeye ameeleza nusu na nusu nyingine ninayo mimi.

Nilikwenda. Nilikuwa nimeyakariri maneno ya kuomba radhi njiani kote, nimevaa baibui langu jeusi la misiba, nimeteremka nasema ndani ya moyo, Batuli leo utatukanwa na unastahili. Nikakuta barabara nzima ya Mapinga imejaa miavuli.

Kumbe meseji ilipofika, kikundi kilikaa kwa mama yako. Zuhura alikataa, akasema msiba na nguo ya harusi yangu wapi na wapi. Bi Mina akasema nimemuuliza mwanangu, amenyamaza, kwa hiyo ni kweli. Akasema Wakristo wa bara wana mambo yao, na msiba ni wa wenyewe, sisi tunakwenda wanavyotaka wao. Wakavaa. Wengine walikuwa hawajisikii vizuri hata kidogo, walivaa kwa heshima tu.

Kwa hiyo wa Zinga wanaamini wamefuata desturi ya Songea, na wa Songea wanaamini wamefanyiwa desturi ya pwani. Desturi yenyewe nimeianzisha mimi, hapa jikoni kwangu, kwa kijicho.

Mama yake Genoveva alinishika mikono yote miwili hakuiachia. Maneno niliyoyakariri niliyameza yote. Na wanawake wangu walinipita wakinitazama juu mpaka chini, mimi peke yangu bila sare, mpaka Bi Mgeni akaniuliza, "Si ulisema mwenyewe tusijuane?" Nikakaa nyuma na watu wa kuosha sufuria.

Nilitaka huyu binti awe mbaya, nipumzike. Si mbaya. Alikuja kuniegemea analia, ana joto la homa, na mimi nilikuwa nimemchukia wiki mbili nzima kwa sababu anaongea nawe siku za Jumapili. Unajua inavyochosha kumchukia mtu ambaye anakuita Dada?

Nimwambie ukweli au nisimwambie?

Batuli

*

Dodoma, 7 Septemba 2024

Batuli,

Mama yake usimwambie kamwe. Genoveva mwambie arobaini ikishapita. Mwishowe atacheka, namjua.

Sare nimeitenga mwenyewe jana. Sasa Vyombo inaingia peke yake, na Waalikwa, na Zamu. Mwalimu wa Kiwangwa ameshaniandikia, viti vyake amevipata, kompyuta haigandi. Anayetaka Sare ataiongeza kwa hiari yake, na itauliza kwanza kama ni furaha au ni msiba kabla haijamtumia mtu neno. Mapinga nimewawekea, kwa kuwa wameiomba. Hilo limekwisha.

Ambalo halijaisha ni hili. Mama amenitumia picha. Nimezitazama kazini nikasahau kwenda kula. Wote mmo. Zuhura yumo, Bi Mgeni yumo, mama yangu yuko mbele kabisa kama bibi harusi. Genoveva amelala begani kwako. Begani kwako, Batuli. Mimi niliyewakutanisha niko Dodoma, nimeshika simu.

Ndipo nikajiuliza, mbona mimi meseji ile sikuipata? Mama aliipata. Shangazi zangu waliipata, hata yule anayeishi Tanga. Nilisomewa na mama kwa simu kama mgeni. Sikutaka kufikiri vibaya, lakini mtandao haumchagui mtu. Mlezi wa Sare ni mmoja.

Uliponiandikia kwamba unaona wivu nilicheka. Sikujua unauma hivi. Unashika hapa chini ya titi la kushoto, na ukijaribu kuukemea unazidi.

Na nikuambie la Jumapili, maana nalo nililificha. Simu zako nilikuwa naziona. Sikupokea kwa sababu wewe ukinipigia unaniuliza "hali yako?" kwa ile sauti yako, na mimi huku sina raha, sina mtu, nikikujibu ningelia mpaka ungepanda basi kuja kunichukua. Genoveva haniulizi hali. Ananiuliza mistari ya programu, namjibu, siku inapita. Ndiyo maana nilimpa Jumapili. Wewe ungeniona.

Ningeweza kujirudisha kwenye Sare mwenyewe, nilikuwa nimeifungua mkononi. Sijajirudisha.

Mwanahija

*

Zinga, 8 Septemba 2024

Mwanahija wangu,

Ni mimi. Nilikutoa jioni ile niliposoma habari za Jumapili zenu. Sikukutoa kwa bahati mbaya wala mkono haukuteleza. Nilitaka siku moja watu wote wapate meseji wewe usipate, uulize, uumie. Umeumia. Nilidhani nitafurahi, na tangu jana sijala tena.

Ulisema ningepanda basi kuja kukuchukua. Ni kweli ningepanda. Kwa nini hukutaka nipande? Siku zote hizi unalala na viatu nami nakununia, naandika vijembe ndani ya programu, kumbe mtu analia. Hilo ndilo sijui nitakusamehe lini, na wewe la kwangu sijui utanisamehe lini, basi tukae tu hivyo hivyo mpaka tuchoke.

Nimekurudisha. Hutapata meseji ya programu, hii ya leo nakuandikia mwenyewe: arobaini ya Mzee Ferdinandi ni Oktoba, Mapinga, sare ni ile ile. Kitenge chako nimekikata na fundi Abdulrazak anakishona kwa vipimo vya zamani. Kama umekonda atakipunguza ukifika. Genoveva alipokuja Zinga kurudisha sufuria alikiona mezani akauliza ni cha nani, nikamwambia kina mwenyewe. Omba ruhusa kazini sasa hivi, usingoje wiki yenyewe.

Mama yake Genoveva amepanga kila mtu atakapokaa, na wewe amekuweka katikati, mimi kulia kwako na Genoveva kushoto. Nimekubali, hakuna aliyenilazimisha. Ila ukitaka kulia, geukia kwangu. Kwake geuka ukishanyamaza.

Batuli